Mkosaji Ameshahama

Niliisoma hukumu ile ndani ya kibanda cha maegesho ya hoteli ninakofanya kazi, Alexandria ya huku Marekani, kati ya gari moja na jingine. Nilipofika mwisho nilirudi mwanzo, maana nilidhani kuna ukurasa nimeuruka. Sikuwa nimeruka kitu. Timu ya wanawake ya mpira wa kikapu ya chuo anachosoma binti yangu ilikuwa imefungiwa kushiriki mashindano makubwa ya mwezi Machi, yale yanayofunga msimu, kwa mwaka mmoja. Kwa binti yangu, mwaka huo ndio uliokuwa wa mwisho.

Kosa lenyewe halikuwa la kubuni, na sitaki kulipunguza. Binti yangu alipokuwa mwaka wa kwanza, kocha mkuu wa wakati ule alimtumia rafiki yake kuzilipia safari na hoteli familia za wasichana aliotaka kuwavuta chuoni. Kanuni za michezo ya vyuo zinakataza jambo hilo. Msichana mmoja alivutika, akajiunga papo hapo, akacheza msimu uleule mmoja, akaenda zake. Kocha alipoulizwa akadanganya. Alipoona maswali yanaongezeka akaacha kazi, akasema anataka kukaa karibu na familia. Mkuu wa michezo aliyemwajiri akastaafu, akafanyiwa karamu. Uchunguzi ulipokamilika, ndani ya chuo kile hakuwa amebaki mtu hata mmoja aliyetenda lile kosa. Waliobaki ni wasichana, ambao wengi wao lilipotendeka walikuwa bado sekondari wakigombana na mama zao kuhusu simu.

Mimi si msomi. Elimu ya darasani niliiacha kidato cha sita, na ninachokijua zaidi ya hapo nimekipata kwenye maktaba za umma, kitabu kimoja mpaka kiishe ndipo nichukue kingine. Kwa hiyo nilifanya ninachofanya siku zote: nilitafuta kanuni zenyewe, nikazisoma, nikaanza kupanga hoja kwenye faili. Mke wangu, ambaye huhudumia wazee kwenye nyumba ya matunzo na hurudi hoi, alinikuta nikipigia mistari.

"Bwana Sheria," alisema, "wamekuomba ushauri?"

"Hawajaniomba."

"Ndivyo nilivyodhani."

Nilijaribu kuwa mwadilifu. Hoja ya kamati ninaielewa. Chuo kilinufaika: kilishinda, kikajaza ukumbi, kikauza fulana. Ikiwa kila chuo kitasema aliyekosa ameondoka, basi kila chuo kitaajiri mwizi, kifaidi, kisha kimfungulie mlango wa nyuma. Adhabu lazima iume mahali. Hayo yote nakubali. Ninachoshindwa kukubali ni mahali walipochagua paume. Chuo kina majengo, kina wadhamini, kina mkuu mpya wa michezo mwenye mshahara wa kutosha. Katika vyote hivyo, wakachagua Machi ya wasichana.

Tena walifuta na ushindi wa msimu ule. Hili ndilo lililonikera kuliko nilivyotarajia. Kuna mchezo mmoja wa mwaka wa kwanza wa binti yangu ambao niliendesha gari kwenye theluji kwenda kuutazama, na yeye akaingizwa mwishoni, akafunga mitupo huru miwili, timu ikashinda. Nilikuwepo. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Sasa kumbukumbu rasmi zinasema ushindi ule haukutokea. Bendera ya kumbukumbu ya msimu ule imeshushwa ukumbini, na ukutani pamebaki mstatili uliopauka kuliko rangi ya pembeni, kama nyumba mtu akihama na picha zake. Nilijiuliza ile mitupo miwili nayo imekwenda wapi. Nilitafuta kanuni inayoeleza. Haipo.

Na mwaka huohuo wa hukumu kanuni zilikuwa zimeshalegezwa. Mchezaji sasa anaruhusiwa kulipwa kwa matangazo, waziwazi. Mwenzake binti yangu alipigwa picha amekaa juu ya boneti ya gari jipya la duka fulani la magari, akalipwa, na chuo kikamsifu kwa ujasiriamali. Mwenye kuweza kunieleza kwa nini boneti ni halali na kitanda cha hoteli ni haramu, nipo kibandani kila siku isipokuwa Jumatano na Jumapili.

Tuliitisha kikao Jumapili, baada ya kanisa. Kaka mkubwa wa mke wangu alikuja kutoka Greenbelt. Ni mzee wa kanisa, na nyumbani kwangu sote tunamwita mjomba kama anavyomwita binti yangu. Dada yangu alikuwa zamu, kwa hiyo alimtuma mumewe, Mkenya wa Nakuru anayeishi naye Herndon, ambaye ni shemeji yangu na hajawahi kukaa kikao chochote bila kuchokoza. Binti yangu naye alikuwepo, maana alikuja kufua. Alikaa jikoni, mlango wazi.

Mjomba alianza. "Kwanza, huyo kocha mwenyewe yuko wapi?"

"Aliacha kazi, mjomba," nilisema.

"Basi aitwe."

"Haitwi. Hayumo tena chuoni."

"Mtu haitwi? Kwani hana simu?"

Shemeji alicheka. "Mzee, huku mtu akiresign ni kama amebatizwa. Madhambi yote yanabaki kwa maji, na wale wako kwa hayo maji ndio wanakunywa."

"Nyamaza wewe bwana wa Herndon, tunaongea mambo ya maana."

"Na mimi naongea gani?"

Nilifungua faili nikaeleza. Njia zilikuwa tatu. Rufaa: hiyo ni haki ya chuo tu, na chuo kimesema hakikati. Kuhama: kamati imewaruhusu wachezaji wa mwaka wa mwisho kwenda chuo kingine na kucheza papo hapo, na dirisha la kuhama litafungwa kabla ya muhula kuanza. Kubaki: kucheza msimu mzima kwa bidii kisha kukaa nyumbani wakati wenzao wanaingia mashindanoni.

"Na ya nne," mjomba alisema.

"Ya nne haipo."

"Ipo. Wazee hawajaenda."

Hapa lazima nieleze, kwa maana mjomba hakuwa anatania. Kwetu mtoto wa nyumba akikosa, wazee ndio hutangulia. Huenda na kitu mkononi, kidogo tu, cha kuonyesha heshima. Hukaa, husalimiana kwa kirefu, huomba radhi kwa niaba, na faini hujadiliwa. Mjomba ameshiriki vikao vya namna hiyo tangu ujana wake, na hajawahi kuona faini iliyobaki kama ilivyotamkwa mwanzo. Ile ya kwanza hutajwa ili ipunguzwe. Kwake yeye, hukumu ya kurasa zote zile ilikuwa bei ya kuanzia.

"Lakini binti yetu hajakosa," mke wangu alisema.

"Ndiyo maana itakuwa rahisi."

Shemeji alisema yeye inamkumbusha bweni. Mmoja anaiba mkate, bweni zima linapiga magoti kwa kokoto. "Na ukisema si mimi, unaongezwa."

Nami nilikumbuka la kwetu. Iliibwa sukari ya stoo, na bweni letu lote likapewa mafyekeo kufyeka uwanja, jua kali, mpaka jioni. Mwizi tulimjua. Alikuwa akifyeka pembeni yangu. Viganja vyake vilipasuka kama vyangu, na kila alipoinua kichwa alikutana na macho yetu. Mwaka mzima uliobaki hakuna aliyehitaji kulinda stoo. Niliwaeleza hivyo, kisha nikagundua nimepata kitu ambacho sikukipata kwenye kanuni: adhabu ya pamoja niliikuta tangu utoto na sikuiona dhuluma, kwa sababu mkosaji alikuwa ndani yake. Hii ya hapa mkosaji ameshahama, na wamekabidhiwa mafyekeo wageni waliohamia kitanda chake.

"Andika hiyo," mjomba alisema. "Utaisema kule."

Kutoka jikoni binti yangu alisema jambo kwa Kiingereza. Hutuelewa kila neno, lakini Kiswahili chake hutoka kwa nadra, kama mtu anayetoa chakula cha akiba. Alisema asingependa mtu yeyote aende popote. Shemeji akamwambia, "Auntie, relax, ni wazee wanaenda kusalimia tu." Mashine ya kufulia ikaanza kukamua, na kikao kikachukulia kwamba amekubali.

Nilipanga miadi na ofisa wa kanuni za michezo chuoni. Nilimweleza mjomba wazi, kwa simu na kwa maandishi: tunakwenda kuuliza maswali, na zawadi ya aina yoyote hairuhusiwi. Alijibu, "Nimekuelewa." Nilipomchukua kituo cha treni alikuwa na mfuko mkubwa. Nilipouliza akasema ni vitu vyake.

Ofisa alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye meza isiyo na kitu. Nilimuuliza swali nililoandaa: kati ya watu waliomo leo chuoni, nani alitenda kosa?

"Chuo," alisema.

"Chuo ni nani?"

Alitazama dirishani. Nje walikuwa wanapita wasichana na mabegi ya mazoezi. "Mimi mwenyewe," alisema, "nimeajiriwa mwaka jana." Kwa hiyo tulikuwa watu watatu kwenye chumba kimoja tukizungumzia kosa ambalo hakuna kati yetu aliyekuwepo lilipotendwa, na yeye alikuwa analipwa kulieleza. Alinipa anwani ya tovuti ambayo nilishaisoma.

Ndipo mjomba alipoinuka. Alitoa kwenye mfuko kikapu kidogo cha ukindu, ndani yake korosho, kahawa ya Moshi, na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. Akakiweka katikati ya ile meza tupu kwa mikono miwili, akainamisha kichwa.

Yule mwanamke aliirudisha mikono yake mapajani kana kwamba kikapu kinaunguza. "Tafadhali," alisema, "siruhusiwi kupokea chochote kutoka kwa familia ya mchezaji. Chochote kabisa."

Mjomba anajua Kiingereza. Ameendesha teksi jiji hili miaka mingi. Lakini alinigeukia akasema kwa Kiswahili: "Mwambie kitu cha radhi kikishatoka mkononi hakirudi."

"Mjomba, tafadhali kichukue."

"Kikirudi maana yake wamekataa. Mwambie."

Nilimtafsiria. Akasema anaheshimu sana mila yetu. Nilijua tumekwisha. Mjomba akamshukuru, akamtakia kazi njema, akatoka akaacha kikapu mezani. Mimi nilisimama kati ya kikapu na mlango. Ningekichukua ningemvunjia heshima mzee. Ningekiacha ningevunja kanuni niliyoiandika kwa mkono wangu kwenye faili. Wakati nikifikiri, miguu ilishamfuata mjomba.

Tulikuwa tumefika kwenye gari, manyunyu yameanza, tulipomwona yule ofisa anakuja mbio kwenye maegesho, kikapu mikononi, kitenge amekifunika kwa koti lake kisilowe. Alikiweka juu ya boneti. Alisema samahani mara nyingi. Kisha akasema, akihema, kwamba itambidi aitolee taarifa. Ni kanuni.

Tulikuwa tunavuka mto mjomba aliponigeukia. "Amekataa radhi," alisema. "Sasa hao ni watu gani?"

Kikapu hakuna aliyetaka kukiingiza nyumbani kwake. Kilibaki kwenye buti la gari langu.

Siku mbili baadaye binti yangu alipiga simu. Hakusalimia. "Baba," alisema, na hilo ndilo lililokuwa neno pekee la Kiswahili, "nimeitwa ofisini. Nimehojiwa kuhusu korosho."

Nikaanza kueleza mazingira. Akanikatiza. Walimuuliza kama alijua. Walimuuliza kama kuna mtu mwingine kwenye familia anayepanga kutoa kitu. Kocha mpya, ambaye ni mtu mzuri na ambaye hakuna kosa lolote linalomhusu, alikaa pembeni yake akiwa amefumba macho. Suala lilifungwa bila madhara, lakini binti yangu ndiye aliyekaa pale akieleza ukindu ni nini.

Jumamosi alikuja. Vyuo vitatu vilikuwa vimeshamtafuta, na kimoja cha kusini kina timu ambayo kwa akili ya kawaida lazima ingefika Machi. Mjomba alitaka ahame, shemeji alitaka ahame, na mimi nilikuwa na ukurasa wa kulinganisha: dakika ambazo angecheza, nafasi ya timu, umbali. Hoja zote ziliangukia upande mmoja.

Aliusoma ukurasa wangu wote, jambo ambalo sikulitarajia. Kisha akauliza, "Mafunzo ya hospitali umeyaweka wapi?"

Anasomea uuguzi. Sikuwa nimeyaweka.

"Nikihama, wodi zile naanza upya. Mwaka mzima unarudi nyuma." Alisema hivyo kwa utulivu, kama anasoma joto la mgonjwa. "Mimi nitakuwa nesi, baba. Kikapu kinaisha mwaka huu, huku au kule."

"Lakini Machi ni haki yako."

"Najua. Umeshaniambia."

"Unaiacha hivihivi?"

"Siiachi. Nimenyang'anywa. Ni tofauti, lakini sina muda nayo." Akaukunja ukurasa akanirudishia. "Unaweza kuja tu kwenye mechi? Zote. Bila faili."

Mama yake, aliyekuwa anamenya vitunguu, alisema, "Umesikia, Bwana Sheria?"

Nilikwenda kwenye mechi. Nilibadilishana zamu na mwenzangu wa jioni kibandani, Mhabeshi, na nikakosa mbili tu. Sikuona furaha niliyoambiwa ningeiona. Muda mwingi niliona hasira. Timu ilikuwa nzuri. Ingekuwa mbovu ingekuwa nafuu. Walishinda nyumbani na ugenini, na kila waliposhinda mtangazaji alitaja nafasi yao kwenye msimamo kisha akaongeza kwamba, bila shaka, hawaruhusiwi. Bila shaka. Nilizoea kuyasubiri maneno hayo mawili kama mtu anayesubiri bomba litone. Binti yangu alicheza chini ya ubao, mahali pa viwiko, na alirudi nyumbani na michubuko aliyoitaja kwa majina ya Kilatini.

Mechi ya mwisho ya nyumbani ndiyo iliyokuwa mechi ya mwisho kabisa. Kwa desturi yao, kabla ya mchezo wachezaji wa mwaka wa mwisho huitwa mmoja mmoja, na wazazi huwasindikiza hadi katikati ya uwanja. Tulikuja wote. Mjomba alivaa suti ya Pasaka. Shemeji alikuja na tarumbeta ya plastiki, akanyang'anywa mlangoni. Tulipokuwa tunatoka kwenye gari mke wangu aliniomba funguo, akafungua buti, akakifungua kile kikapu, akatoa kitenge.

"Hicho ni cha radhi," nilisema.

"Wamekataa. Sasa ni changu."

Tulipoitwa, katikati ya uwanja, mbele ya watu wote, mke wangu alikikunjua akamfunga binti yetu begani, juu ya jezi, kama tunavyowavisha watoto wanapohitimu. Kutoka juu jukwaani mjomba akaimba mstari wa kwanza wa wimbo wa harusi, kwa kuwa ndio uliomjia, na shemeji akapiga kigelegele cha kiume ambacho kiliwafanya waamuzi wageuke. Pembeni ya uwanja alisimama yule ofisa wa kanuni. Alikitazama kitenge. Alikitambua.

Nilipopita karibu naye nikasema, "Ni mama yake."

"Najua," alisema. "Mzazi anaruhusiwa." Baada ya kusema hivyo alitazama chini, na nadhani nilimwona anapangusa jicho, ingawa taa za ukumbini ni kali na siwezi kuapa.

Walishinda. Timu waliyoishinda ilikuwa imeshajihakikishia nafasi ya Machi. Kwa hiyo king'ora kilipolia, walioshindwa waliingia chumbani kujiandaa kwa safari, na walioshinda wakabaki uwanjani wakipiga picha kwa kuwa hawakuwa na mahali pa kwenda. Nilikuwa nimeahidi kuja bila faili, na nilitimiza. Lakini kama mtu wa kamati angekuwepo, ningemwomba asimame tu pale, kati ya makundi yale mawili, anieleze kwa mdomo wake mwenyewe.

Machi ilifika. Binti yangu alikuwa nyumbani mchana mmoja kabla ya zamu yake ya mafunzo hospitalini, tayari amevaa sare. Televisheni ilikuwa inaonyesha mchezo wa ile timu waliyoifunga. Wakati wa mapumziko picha ikahamia studio, na pale, amevaa suti ya buluu, amenenepa kidogo, alikaa kocha wa zamani wa binti yangu, yule aliyedanganya akaacha kazi. Alikuwa mchambuzi. Walimwita kwa heshima. Alikuwa anaeleza maadili ya ulinzi wa timu.

"Zima," mke wangu alisema.

"Iache," binti yangu alisema. Kwa Kiswahili.

Alikuwa na bakuli la korosho magotini, zilezile. Tulikuwa tumeamua hatimaye kwamba zinalika. Kocha alionyesha mkanda wa picha: mlinzi wa timu ile anapoteza mpira. Alisema msichana aliogopa.

"Si kweli," binti yangu alisema, akitafuna. "Namjua huyo, nimecheza naye. Haogopi. Anamsubiri mwenzake aje kushoto. Mwenzake hajaja." Aliirudisha picha nyuma, akatuonyesha. Ilikuwa hivyo hasa. Nafasi ya kushoto ilikuwa tupu.

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na mengi, na kwa mara ya kwanza tangu hukumu ile itoke ushahidi ulikuwa kwenye kioo sebuleni kwangu, umevaa tai.

"Baba," alisema, akiweka bakuli mezani. "Nachelewa wodini."

Nilichukua funguo. Yule bwana tulimwacha akiendelea kueleza.